Majaribio mafupi ya kila wiki yaweza kuikomboa Hisabati Manga

KILA muhula wa pili unapokaribia ukingoni, shule za upili za Manga katika Kaunti ya Nyamira, sawa na majirani wao wa Kisii, huingia katika msimu wa mitihani ya pamoja. Karatasi hufika zikiwa zimetiwa kwenye bahasha, mzazi amekwisha kutozwa ada yake, na watahiniwa wa Kidato cha Nne hukaa kwa siku kadhaa wakijibu maswali yaliyotungwa na jopo la walimu kutoka shule mbalimbali.

Matokeo yakitoka hubandikwa ukutani. Shule hujilinganisha na nyingine, mwalimu mkuu hupongezwa au hulaumiwa, na baada ya wiki mbili karatasi zenyewe hutokomea chini ya vitanda vya mabwenini.

Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: mtahiniwa aliyepata alama 18 kwa mia katika Hisabati anajua nini leo ambacho hakukijua kabla ya kuufanya mtihani huo? Mara nyingi jibu ni kwamba hajui lolote jipya, isipokuwa kwamba alipata 18.

Uchambuzi huu unashikilia kwamba jaribio la maswali matano, linalofanywa kila wiki kwa robo saa, likasahihishwa papo hapo na kurejelea mada za zamani, lina manufaa zaidi kwa mwanafunzi wa Manga kuliko mtihani mkubwa wa pamoja unaofanywa mara moja kwa muhula. Tena halihitaji ada wala bahasha.

Uzito wa suala hili unaeleweka na kila mzazi. Hisabati ni somo la lazima. Mabadiliko ya kukokotoa gredi ya wastani yaliyoanza kutumika katika KCSE ya 2023 yaliwapunguzia watahiniwa mzigo kwa kuruhusu masomo matano waliyoyafanya vyema zaidi yahesabiwe, lakini Hisabati ilibaki palepale. Ni sharti ihesabiwe, pamoja na lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara ya Kenya. Mtahiniwa mwenye wastani wa B lakini aliyepata D katika Hisabati hujikuta ameondolewa katika kozi za uhandisi, takwimu na uhasibu hata kabla ya maombi yake kusomwa.

Udhaifu wenyewe ni wa nchi nzima wala si wa Gusii pekee. Katika miaka ya 2006 hadi 2010, wastani wa kitaifa wa Hisabati katika KCSE haukufika hata robo ya alama zote. Na si kwamba hapakufanywa jambo. Mnamo 1998 serikali ya Kenya, kwa ushirikiano na shirika la Japan la JICA, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa Hisabati na Sayansi, na miongoni mwa wilaya tisa za majaribio zilikuwamo Kisii na Gucha, majirani wa Manga. Mradi ule ulilenga mbinu za mwalimu mbele ya ubao. Kile ambacho mwanafunzi hukifanya na somo hilo wiki tatu baadaye, mwalimu akiwa amekwisha kusonga mbele na silabasi, ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo wengi huanguka.

Ili kuelewa sababu, yafaa kuutazama mtihani wenyewe. Hisabati ya KCSE ina karatasi mbili, kila moja ya saa mbili unusu na alama 100. Karatasi ya Kwanza hutegemea zaidi kazi ya Kidato cha Kwanza na cha Pili, na ya Pili hutegemea zaidi kazi ya Kidato cha Tatu na cha Nne. Sehemu ya kwanza ya kila karatasi ina maswali 16 ya lazima yenye jumla ya alama 50. Sehemu ya pili ina maswali manane ya alama kumi kumi, na mtahiniwa huchagua matano.

Maana yake ni kwamba kila alama imetengewa dakika moja na nusu. Maswali yale 16 ya mwanzo yanapasa kumalizika kwa dakika 75, yaani chini ya dakika tano kila moja, na yamechanganywa. Swali la logarithimu hufuatwa na la pembe, kisha la riba, kisha la vekta. Hakuna kichwa juu ya swali kinachomwambia mtahiniwa kwamba hili ni la mada fulani. Atambue mwenyewe.

Sasa linganisha na jinsi wanafunzi wanavyodurusu. Mwanafunzi hufungua kitabu cha kiada, akasoma mfano uliokwisha kukokotolewa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akafanya zoezi lenye maswali 12 ya aina ile ile moja. Akifika la nne, mkono unakwenda wenyewe. Hujiona ameiva. Lakini hakuchagua njia hata mara moja, kwa kuwa kichwa cha sura kilimchagulia.

Suala hili limefanyiwa utafiti. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor wa Chuo Kikuu cha South Florida nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la kukokotoa ujazo wa maumbo manne. Kundi la kwanza la wanafunzi wa chuo lilifanya mazoezi ya umbo moja hadi likaisha, kisha jingine. Kundi la pili lilipewa maswali yale yale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la pili 60. Mwalimu yeyote angesema la kwanza ndilo lililoelewa. Wiki moja baadaye walipotahiniwa, kundi la kwanza lilipata asilimia 20, na lile la pili, lililohangaika, likapata 63.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walikuwa wamewapa wanafunzi vifungu vya habari wasome. Baadhi walivisoma mara ya pili. Wengine walifunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Ni kweli kwamba vifungu vile havikuwa vya Hisabati na kwamba St. Louis si Manga. Hata hivyo, usahaulifu hauna kabila, na yeyote aliyewahi kufundisha atakiri kwamba mwanafunzi husahau hasa kile ambacho hakulazimika kukitafuta kichwani mwake.

Tuyalete hayo sasa katika darasa la Manga.

Jaribio linalozungumziwa hapa lina maswali matano, hakuna zaidi. Moja latoka katika mada ya wiki hiyo. La pili latoka katika mada ya mwezi uliopita. La tatu ni la muhula uliotangulia, na mawili ya mwisho ni ya vidato vya nyuma. Huandikwa ubaoni kwa chaki na wanafunzi hujibu katika daftari lililotengwa kwa kazi hiyo pekee, vitabu vikiwa vimefungwa. Kipindi ni dakika 40. Dakika 15 za kujibu na kumi za kusahihisha zinaacha 15 za kutazama lile swali lililowashinda wengi.

Hizo dakika 15 za mwisho ndizo zenye thamani. Chukua mfano mwepesi. Mchuuzi wa Manga anauza mkungu wa ndizi kwa Sh690 na kupata faida ya asilimia 15. Aliununua kwa pesa ngapi? Ni kazi ya vidato vya chini. Wako wanafunzi wengi wa Kidato cha Nne watakaokokotoa asilimia 15 ya 690, wapate Sh103.50, watoe, na kujibu Sh586.50. Hesabu yao ni safi kabisa, ila wamesahau kwamba asilimia 15 ni ya bei ya kununulia wala si ya kuuzia. Jibu ni Sh600, kwa kuwa 690 ni sawa na asilimia 115 ya bei hiyo.

Katika mtihani wa pamoja kosa hili huhesabiwa kama alama tatu zilizopotea na mambo huishia hapo. Katika jaribio la wiki, mwalimu huliona kosa lile lile kwenye madaftari 25, akalieleza kesho yake, na akaliuliza tena kwa umbo jingine wiki tatu baadaye, safari hii labda kuhusu ng'ombe au majani chai. Mwanafunzi anayekosea mara mbili mahali pamoja huanza kuogopa mahali hapo, na woga wa aina hiyo ni mzuri.

Lipo jambo la pili ambalo majaribio haya hulijenga. Wasahihishaji wa KNEC hutoa alama kwa njia iliyotumika, mbali na alama za jibu lenyewe. Mtahiniwa aliyeandika mlinganyo sahihi kisha akateleza katika kugawanya bado huondoka na kitu. Aliyeacha pengo haondoki na chochote. Kuacha pengo ni mazoea, na huzaliwa na karatasi ndefu zinazomkabili mwanafunzi na mambo asiyoyajua kwa saa mbili unusu mfululizo. Maswali matano hayamtishi mtu. Hata aliye dhaifu atajaribu matatu.

Pingamizi la kwanza la walimu linajulikana, na lina haki. Tangu sera ya kuwapeleka wanafunzi wote wa shule za msingi katika shule za upili ianze kutekelezwa mwaka 2018, madarasa yalifurika. Mwalimu mwenye wanafunzi 60, akitumia dakika mbili kwa kila daftari, anahitaji saa mbili nzima. Akiwa na mikondo mitatu ni saa sita kila wiki, mbali na kutayarisha masomo na zamu za shuleni. Hakuna atakayedumu.

Suluhisho ni kwamba mwalimu asisahihishe. Wanafunzi wabadilishane madaftari, mwalimu atoe majibu hatua kwa hatua ubaoni, nao wapeane alama. Baadaye atapitia madaftari kumi tu, tofauti kila wiki, ili kuona mwelekeo. Wapo watakaosema wanafunzi watapendeleana. Watapendeleana kwa faida gani? Alama hizi haziingii katika ripoti ya mwisho wa muhula, hazibandikwi popote, na hazimpi mtu nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Mtihani usio na nafasi hauna cha kuibiwa.

Neno hilo la wizi haliwezi kuepukwa katika mjadala wowote kuhusu mitihani Gusii. Matokeo ya watahiniwa 5,101 kote nchini yalifutwa katika KCSE ya 2015 kwa sababu ya udanganyifu. Mwaka uliofuata, Fred Matiang'i, mwana wa Nyamira, akiwa Waziri wa Elimu, alikaza kamba, na idadi ya waliopata gredi ya A ikaporomoka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Kisha Januari 2023, matokeo ya KCSE ya 2022 yalipotangazwa, vidole vilielekezwa kwa shule kadhaa za Kisii na Nyamira zilizopanda kwa kasi, hata Kamati ya Elimu ya Bunge la Kitaifa, chini ya mwenyekiti wake Julius Melly, ikaanza kuchunguza madai ya udanganyifu.

Makala haya hayakusudii kuamua ni nani alikosa. Linaloumiza ni kwamba binti wa shule ya kutwa aliyeipata B yake kwa jasho alitiliwa shaka sawasawa na wengine, wala hakuwa na cha kuonyesha. Daftari la majaribio lingemfaa hapo. Shule ikifanya jaribio kwa wiki 30 za mwaka, mwanafunzi atakuwa amejibu maswali 150. Kwa miaka minne ni maswali 600, ilhali karatasi mbili za KCSE zikijumlishwa zina maswali 48. Mtu aliyejibu sawa na mitihani 12 mizima, tarehe kwa tarehe, kwa mwandiko wake, makosa yakiwa yamesahihishwa kwa kalamu nyekundu, ana ushahidi ambao hakuna msimamizi wa mtihani awezaye kumpa wala kumnyang'anya.

Nimetaja shule ya kutwa kwa makusudi. Mwanafunzi wa bweni ana prepu, ana taa, na ana mwenzake wa kumuuliza saa mbili usiku. Yule wa kutwa hupanda na kushuka mlima wa Manga kila siku, na akifika nyumbani huenda akakuta kazi ya kuchota maji au kuchuma majani chai. Kumwambia adurusu nyumbani ni kumwekea sharti ambalo mwenzake hakuwekewa. Jaribio linalofanyika ndani ya kipindi, mchana, darasani, ndilo durusu pekee ambalo hao wawili hulipata kwa kiwango sawa. Kwa kuwa shule nyingi za kutwa zimejengwa au kupanuliwa kwa fedha za CDF tangu hazina hiyo ianzishwe mwaka 2003, hili si suala la wanafunzi wachache.

Wapo pia wanaohoji kwamba mtoto wa Kenya tayari anatahiniwa kupita kiasi. Wana hoja. Wakati wimbi la ghasia lilipozikumba shule za upili Julai 2008, Profesa Sam Ongeri akiwa Waziri wa Elimu, hofu ya mitihani ya majaribio ilitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2016 moto ulipoteketeza mabweni katika shule nyingi, za Kisii zikiwemo, mjadala ulirudi palepale. Itakuwa ni upuuzi kuongeza mtihani mwingine juu ya ile iliyopo na kuuita dawa.

Pendekezo la busara zaidi ni kupunguza. Mitihani ya kufungua muhula, ya katikati na ya kufunga, pamoja na ile ya pamoja, hula wiki kadhaa za masomo. Mmoja kati ya hiyo ukiondolewa, siku zake zinatosha majaribio ya muhula mzima. Ule wa kufungua muhula hauna mtetezi mkubwa. Kazi yake mara nyingi ni kuthibitisha kwamba likizo ilikuwa ndefu.

Hatari ya kweli ni nyingine. Jambo jema hili laweza kuharibiwa kwa wiki moja tu iwapo mwalimu atazisoma alama kwa sauti mbele ya darasa, au atamwadhibu aliyepata sufuri. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia hapo, lakini aibu haikupigwa marufuku na huchapa vilevile. Mwanafunzi akishajua kwamba jaribio la Ijumaa ni la kumfedhehesha, atanakili kwa jirani, na faida yote itakuwa imekwisha. Walimu wakuu wanaodai kuona alama za kila wiki mezani kwao pia watakuwa wameua mpango huo, hata kama nia yao ni njema.

Kuhusu maswali yenyewe, hayahitaji kununuliwa. Karatasi za KCSE za miaka iliyopita zipo katika kila shule. Walimu wa Hisabati wa shule tatu au nne jirani, tuseme za Manga, Kemera na Magombo, wanaweza kupeana zamu: kila mmoja atunge matano kwa wiki yake na kuwatumia wenzake kwa simu. Mwalimu atakuwa ametunga mara moja kwa mwezi. Na kwa kuwa wote wametumia maswali yale yale, watajua kama kosa la Sh586.50 ni la darasa lao tu au ni la mlima mzima.

Muda nao unayoyoma. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4, waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, liliingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024 na linatarajiwa kufanya KCSE ya mwisho mwaka 2027. Watahiniwa hao hawana wadogo wa kuwafuata katika silabasi hiyo, na si rahisi kurudia mtihani ambao hautakuwepo. Wanaowafuata katika mfumo wa umilisi hawajaepuka hesabu pia. Baada ya wizara kutaka kuifanya Hisabati kuwa ya hiari kwa baadhi ya wanafunzi wa sekondari ya juu, malalamiko yalizuka, na mnamo Aprili 2025 Waziri Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma kwa namna moja au nyingine: ya kina kwa wale wa sayansi na teknolojia, na ya msingi kwa wengine.

Kwa hivyo mzazi wa Manga atakayehudhuria mkutano wa shule muhula huu ana swali jingine la kuuliza mbali na nafasi ya shule katika mtihani wa pamoja. Amuulize mwalimu wa Hisabati ni lini mara ya mwisho swali la Kidato cha Kwanza lilipoulizwa katika darasa la Kidato cha Tatu, kisha aombe kuliona daftari.